Firigisi ya Muyama

Nianze na nyusi zangu, maana ndizo zilizonipa kazi na ndizo nusura zininyime mke. Hazitulii. Ya kushoto hupanda yenyewe nikisikia jambo, ya kulia hubaki chini kana kwamba haihusiki. Sikufundishwa na mtu. Nilizaliwa nazo Kibondo, na mama anaapa kwamba mkunga aliponigeuza aone uso alicheka kabla hajanikata kitovu. Sijui kama ni kweli, mama naye akianza kusimulia hana breki.

Watu wakinihoji redioni huniuliza nilikigunduaje kipaji changu. Hakuna kugundua hapo, nilikuwa natafuta kula. Nilianzia sokoni Kasulu na kipaza sauti begani, nanadi viatu vya mtumba vya mtu mwingine. Watu walijaa, wakacheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakaenda zao na ndala zao za zamani. Mwenye viatu akaniambia, "Wewe umeniletea umati, mimi nilitaka wateja," akachukua kipaza sauti chake. Kutoka hapo nikawa mshereheshaji wa harusi, halafu nikaanza kujirekodi kwa simu. Kilichonitoa ni kile kipande cha Mha aliyekaa Dar wiki mbili akarudi nyumbani amesahau Kiha. Bibi yake anamsalimia "Mwakeye," yeye anageuka kutafuta mkalimani. Kipande kilizunguka kwenye simu za watu wilaya hadi wilaya. Shida ni kwamba kila kijiji kilikuwa na kijana wa namna hiyo, na kila mmoja alidhani namsema yeye. Kijiji cha Makere sikukikanyaga muda mrefu.

Ndipo akanitafuta dairekta. Huyu alikuwa na duka la simu pale Kasulu, anauza chaja na kadi za kumbukumbu, na baba yake alikuja zamani kutoka Tanga. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba sisi wengine tukizungumza naye tulijisikia tuna kokoto mdomoni. Alikuwa ameandika filamu na alitaka uso wangu. Sauti hakuitaka. "Wewe kaa kimya tu," aliniambia, "nyusi zitasema."

Ndani ya filamu mimi ni mkwe mpya. Nimekwenda ukweni, nimepokelewa vizuri, na wakati wote wamefumba macho kuombea chakula mimi naiba firigisi ya baba mkwe. Kwa msomaji wa mbali nieleze: kwetu kuku akichinjwa, firigisi ina mwenyewe, naye ni baba mwenye nyumba. Mtoto akithubutu kuila, siku hiyo haisahau.

Tulirudia tukio lile mpaka firigisi za Kasulu zikaadimika. Mara umeme umekatika, mara jogoo wa jirani amewika, mara mama mkwe wa kwenye filamu ameshindwa kujizuia amecheka. Mwishoni dairekta akakata kipande cha yeboyebo nyeusi, akakichovya kwenye mchuzi wa mawese, akanipa. "Tafuna kwa hisia," akasema. Ule uso wa mwizi anayetafuna huku anaogopa, ambao watu wanausifu hadi leo na kuniuliza nilisomea wapi, ni uso wa mtu anayetafuna kiatu.

Filamu ikavuma. Na nilipovuma, nikapoteza kitu ambacho sikujua kwamba ninacho, nacho ni kusadikika. Nilikwenda duka la dawa na jino limevimba shavu lote, muuzaji akaniambia, "Rudia tena, nimwite mwenzangu aone." Nilisimama kanisani wakati wa matangazo kusema nimeibiwa pikipiki. Nilisema kwa uchungu. Benchi la kwanza likaanza, la pili likapokea, na mchungaji mwenyewe akainamisha kichwa kwenye mimbari, mabega yanatikisika. Pikipiki haikupatikana. Yule mwizi, nina hakika, alikuwa humo ndani anacheka na wenzake.

Mtu mmoja tu alikuwa hanicheki. Alikuwa fundi cherehani pale Kasulu, ndiye aliyetushonea mavazi ya filamu. Siku ya kunipima koti la mkwe nilimwaga vichekesho vyangu vyote, hata vile vya akiba. Yeye kimya, ananizunguka na futi. Nikaudhika. Nikamuuliza, "Dada, mimi sichekeshi?" Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa blauzi, akasema, "Unachekesha. Ila bega lako la kulia limeshuka. Ulianguka?" Nilikuwa nimeanguka utotoni, kutoka kwenye mti wa parachichi, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikarudi kesho yake na suruali isiyo na tatizo. Nikarudi tena na tena, mpaka suruali zangu zote zikawa fupi. Siku nilipomwambia nataka kumwoa hakutafuta kamera. Alisema tu, "Basi ujue baba yangu hatanii."

Baba yake alikuwa mzee wa kanisa huko Muyama, wilaya ya Buhigwe, mkulima wa kahawa na maharage, mrefu, mwembamba, anavaa koti jeusi asubuhi mpaka jioni kwa sababu ya baridi ya kule. Alikuwa ameitazama ile filamu kwenye simu ya mpwa wake, tena mpaka mwisho, bila kucheka. Akamtuma binti yake aniambie neno. Nililitegemea tusi, nikaletewa swali. "Siku mwanangu akiugua huko uliko naye," mzee alisema, "wewe ukitoka nje kupiga kelele za msaada, nani atakuja? Watasimama wakucheke. Mimi simpi binti mtu asiyeaminika na jirani zake."

Nililala na swali hilo, nikaamka nalo. Nilikumbuka pikipiki yangu. Mzee alikuwa amenishika pale pale panapouma, na kwa mara ya kwanza niliogopa kwamba nitamkosa huyu mwanamke kwa sababu ya kazi inayonilisha.

Binti akambembeleza baba yake, mama naye akasaidia, mpaka mzee akakubali tuje. "Waje. Lakini yule mwizi wa firigisi nitamtazama kwa macho yangu."

Baba yangu alikwisha fariki, kwa hiyo mshenga alikuwa baba mdogo, mfanyabiashara wa maharage, mtu mwenye kofia ya pama na maneno ya taratibu. Alinipa masharti njia nzima, kutoka Kibondo mpaka Buhigwe. Nisiseme. Nisitabasamu. Nikisalimiwa niitikie kwa sauti ya chini na niangalie ardhi. "Na hizo nyusi," akasema, "zifunge." Nikamwambia hazina kifungo. Akanitazama kwa huzuni, akavua kofia yake, akanivika mimi mpaka juu ya macho. Nikawa sioni njia. Akaivua tena.

Sasa, ukoo ule wa Muyama una desturi yao siku ya posa. Kuku huletwa na firigisi juu. Baba mwenye binti huichukua, huigawa, nusu anakula yeye, nusu anampa mshenga. Wakishatafuna wote wawili, maneno yamekubaliwa na hakuna kurudi nyuma. Asipoigawa, wageni hula ugali wao kwa adabu, hushukuru, huaga. Baba mdogo alinieleza hayo tukiwa tunashuka kwenye gari, nikaona dunia ina utani mbaya. Kati ya viungo vyote vya kuku.

Tulipokewa vizuri. Nikaonyeshwa mahali pa kunawa, nyuma ya nyumba, karibu na mlango wa jiko. Wanawake walikuwa wamekwenda migombani kukata majani ya kufunikia ugali. Naona baba mkwe anatoka jikoni peke yake, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti. Tukakutana uso kwa uso. Akanitazama juu mpaka chini, na nyusi zangu, Mungu shahidi, zilikaa. Akapita. Nikajisemea, huyu amekuja kulinda chungu chake.

Tukaketi. Ndugu zake walikuwapo, kaka yake mkubwa mwenye kitambi na dada yake mwenye sauti, yaani shangazi wa binti. Mimi nikapewa kigoda kifupi pembeni, magoti yamekaribia masikio. Kila mtu alinitazama akiwa tayari. Watu walinitazama kama wanavyotazama maziwa jikoni, wanangoja yafurike. Nikakaza uso. Nikakaza mpaka masikio yakaniuma.

Baba mdogo akaanza kusema, na hapo ndipo nilipojua kwa nini maharage yake yanakaa sana ghalani. Mtu huyu hajui kufika. Alianzia kwa babu yetu alipovuka Malagarasi. Babu alipofika katikati ya mto, maji yakawa mengi. Mimi, kwa kuwa nimekatazwa kila kitu isipokuwa kutazama, nikamtazama baba mkwe. Mkono wake uliingia mfukoni, ukatoka umebana kitu kidogo, ukapita mdomoni. Nikadhani ni karanga. Babu yetu akafika ng'ambo, mkono mdomoni. Babu akanunua mbuzi, mkono mdomoni. Mbuzi akazaa pacha, mzee anatafuna polepole, macho yametulia, anasikiliza kwa heshima kabisa. Ilikuwa saa nane mchana, na nadhani hakuwa amekula tangu asubuhi kwa ajili yetu. Baba mdogo alipofika kwenye ndoa ya babu, mzee alikuwa anajilamba kidole.

Hatimaye baba mdogo akanyamaza. Mama mkwe akaleta hotipoti mwenyewe, akaiweka, akarudi kusimama mlangoni. Kaka mkubwa akaombea. Mimi nilifumba macho kwa nguvu, mikono nimeikalia, ili hata shetani akija kunisingizia akose pa kushika. Hotipoti ikafunguliwa. Mapaja yapo, kidari kipo, mabawa yapo, yamekolea mawese. Juu hapana kitu.

Shangazi akainama, akachungulia. Akachukua upawa, akapekua. "Firigisi iko wapi?" akauliza.

Mama mkwe akasogea. "Niliiweka mimi mwenyewe, juu."

"Basi imetembea," akasema shangazi. "Wifi, leo ndiyo siku ya kutuaibisha?"

Mama mkwe akabaki anapangusa mikono kwenye kanga. Nyuma yake, kizani mwa korido, nilimwona mchumba wangu ameshika kizingiti. Nami nikamgeukia baba mkwe, na nikaona kitu ambacho kamera haijawahi kunipa. Mkono wake uliingia mfukoni kwa uhakika kabisa, mkono wa mtu anayekwenda kutoa alichokiweka salama. Ukatafuta. Ukatafuta pembe ya kulia, ukatafuta pembe ya kushoto. Kisha uso wake ukasimama. Mimi kazi yangu ni nyuso, na uso wa mtu aliyeshtukia kosa lake mwenyewe naujua. Mzee aliiondoa firigisi jikoni asije akaibiwa na mimi, akaificha mfukoni aitoe wakati ukifika, na baba mdogo kwa mto wake wa Malagarasi akamfanya aimalize bila kujua anachokula. Akafungua mdomo, akaufunga. Mzee wa kanisa, mbele ya wageni, mbele ya dada yake. Hakuweza.

Na wote wakageuka kunitazama mimi.

Nilikasirika, nasema wazi. Safari nzima nimefunga uso, nimekalia mikono, na bado. Ningesema, "Ameila baba," nani angeniamini? Wangecheka, kisha wangenifukuza kwa kumvunjia heshima mzee nyumbani kwake. Ningekaa kimya, aibu ingembakia yule mama pale mlangoni, ambaye hakuwa na kosa lolote isipokuwa kupika. Nikaitazama mikono yake. Nyusi ya kushoto ikapanda yenyewe. Nikaiacha.

Nikaanza kutafuna. Mdomo mtupu, taratibu, shavu moja, kama kwenye filamu, na macho yanakwenda huku na huku kutafuta mlango. Nikaikumbuka yeboyebo. Kitambi cha kaka mkubwa kikaanza kuruka. Shangazi akapiga yowe, akakaa chini na upawa wake. Mama mkwe alicheka huku analia, kanga mdomoni. Baba mdogo alijifunika uso kwa kofia, na sijui chini yake alikuwa anacheka au anasali.

Baba mkwe peke yake hakucheka. Alinitazama muda mrefu, na mimi nikamtazama, na tukajuana.

"Sasa mtaitoa vipi?" kaka mkubwa akasema, akifuta machozi. "Firigisi ya ukoo imeshaingia tumboni kwa huyu. Mpeni mke wake aende."

Wote wakamgeukia mzee. Akautoa mkono mfukoni, akafuta vidole kwenye suruali. "Atalipa faini," akasema. "Jogoo."

"Na binti?" akauliza baba mdogo.

"Nimesema faini. Mtu unamtoza faini aliye wako."

Ndivyo nilivyooa. Harusi ilikuwa nzuri, japo mpishi aliweka mtu wa kusimama karibu na masufuria. Stori ikatoka Muyama ikafika Buhigwe, ikarudi Kasulu, na dairekta akaja mbio anataka tutengeneze sehemu ya pili. Hadi leo nikienda ukweni, watoto hukaa juu ya mfuniko wa sufuria wakiniona. Wananiita Babu Firigisi, na mimi bado sijafika hata hamsini. Nilipata majina makubwa zaidi kwenye filamu nyingine, nimecheza mganga, nimecheza mwenyekiti wa kijiji, nimecheza maiti anayepiga chafya. Muyama hayo yote hawayajui.

Yote hayo ningeyabeba. Lakini mwaka ule wa kwanza nilimwambia mke wangu ukweli. Tulikuwa tunakunywa chai. Nikamweleza mfuko, mto, mbuzi aliyezaa pacha, vidole. Nikamweleza kwa sauti ile ile niliyomwambia nataka kumwoa. Akanisikiliza, akaweka kikombe chini, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akaegemea cherehani. "Baba?" akasema. "Baba yangu mimi?" Ilikuwa mara ya kwanza kunicheka tangu nimjue. Nilicheka naye, nifanyeje, lakini nilitoka nje nikakaa barazani, na moyo uliniuma vibaya. Sikulitaja tena.

Krismasi iliyopita tulikwenda Muyama na watoto. Baba mkwe amezeeka, anatembea na fimbo, koti ni lile lile na linamning'inia. Ndugu walijaa, wale wale, kaka mkubwa na shangazi na wengine wengi. Chakula kikaletwa. Kuku, mawese, firigisi juu, na mtoto mmoja akaiwekea sahani juu yake huku ananitazama mimi. Watu wakaanza kucheka kabla hata sijakaa. Baba mkwe akagonga fimbo chini.

"Nina neno," akasema. "Siku ya posa ya huyu, firigisi niliila mimi. Niliificha mfukoni, nikaila. Mkwe wangu hana hatia, na nimemwacha aitwe mwizi miaka yote hii."

Shangazi akapasuka kwa kicheko. Kaka mkubwa akampigia makofi. "Kumbe na wewe umekuwa mchekeshaji!" akasema. Watoto wakaruka ruka. Mama mkwe akamwambia, "Mzee, acha basi, mbavu zangu." Mke wangu alikuwa anagawa ugali, naye alicheka.

"Nasema kweli," mzee akasema. Wakazidi. Akainua sauti, akataja mfuko, akataja vidole, akaapa. Kila neno lilipokelewa kwa kicheko kikubwa kuliko lililotangulia. Kijana mmoja akatoa simu amrekodi. Niliuona uso wa mzee ukibadilika. Aliwatazama mmoja mmoja, watu wake mwenyewe, waliomheshimu maisha yake yote, na hakuna aliyemwamini. Akakaa. Akanigeukia mimi niliyekuwa karibu naye.

"Ndivyo unavyoishi?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Ndivyo, baba."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

Akatikisa kichwa. Akaondoa ile sahani ya mtoto, akachukua firigisi, akaikata kwa vidole vyake, nusu akaniwekea mimi kiganjani. Tukatafuna pamoja, na wenzetu wanaendelea kucheka wakidhani ni sehemu ya mchezo.

Mke wangu akaja kutuletea maji ya kunawa. Akaona mawese kiganjani mwangu. Akasimama pale na birika mkononi, anamtazama baba yake, kisha anatazama koti.

"Mwaka ule baada ya harusi nililibadilisha koti hili bitana ya mfuko," akaniambia polepole. "Ilikuwa na mawese. Nikajiuliza mtu anawekaje mawese mfukoni."

Alinimiminia maji, na hakuwa anacheka.